Majeruhi sita, dirisha dogo bado: makinda waingie au wasubiri?

Mwanzisha mada
Timu tusiitaje, tuweke mfano ili tujadili jambo lenyewe. Klabu ya Ligi Kuu yenye makao hapa Dodoma, nyumbani uwanja wa Jamhuri, ipo nafasi ya 12. Majeruhi wa kikosi cha kwanza ni sita: watatu nyama za paja za nyuma, mmoja nyonga, mmoja kifundo cha mguu, mmoja goti. Dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, bado wiki tano, na kabla ya hapo kuna mechi nne. Timu ya U20 ina vijana wanne ambao benchi la ufundi huwasifia mazoezini lakini siku ya mechi haliwapangi. Wapangwe sasa, au wakongwe waliobaki waivushe timu mpaka usajili ufunguliwe?

Mkongwe wa Majengo
Wasubiri. Ligi ni timu 16, mechi 30. Nafasi ya 13 na 14 ni mchujo, ya 15 na 16 unashuka moja kwa moja. Kutoka ya 12 kwenda huko ni mechi mbili mbaya tu. Kila mjadala wa namna hii lazima atajwe Clement Mzize, kwamba Yanga walimpandisha kutoka timu ya vijana na leo kila mtu anamjua. Kweli, lakini angalieni aliingia wapi. Aliingia kwenye timu inayoshinda, inayokaa na mpira muda mwingi, na aliingia mbele. Mshambuliaji akipoteza mpira, nyuma yake kuna watu tisa wa kufuta kosa. Beki wa kati akiupoteza, nyuma yake kuna kipa peke yake. Klabu ya mkoa haina mpira muda mwingi, inakabwa. Hapo kinda ataonewa.

Mnoa Viungo
Mzee wangu, kabla hatujagombania nani acheze, tujiulize kwa nini watatu wameumia sehemu moja. Nyama za paja tatu kwa mpigo si mkosi. Kuna kitu hakifanyiki mazoezini, na ukimwingiza kijana kwenye mfumo ule ule, atakuwa majeruhi wa saba.

Zoezi la kukinga lipo na halihitaji gym. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, anajishusha mbele taratibu mwili ukiwa umenyooka toka magotini hadi kichwani, mikono inampokea chini. Wiki ya kwanza kikao kimoja, seti 2 za mara 5. Ya pili vikao viwili, seti 2 za mara 6. Ya tatu vikao vitatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Ya nne, vitatu tena, mara 8 hadi 10. Kuanzia ya tano hadi ya kumi seti tatu za 12, 10 na 8. Baada ya hapo kikao kimoja kwa wiki kinatosha kulinda ulichojenga. Timu zilizolifuata vizuri zimepunguza majeraha ya paja kwa karibu nusu.

Linakoharibikia ni kulekule siku zote. Wachezaji wanakunja kiuno, kazi inaondoka kwenye paja. Au kocha analipanga siku moja kabla ya mechi, watu wanaingia uwanjani mapaja yamekaza, kisha zoezi linalaumiwa na kufutwa wiki ya pili.

Shabiki wa Area C
Na uwanja wa mazoezi je? Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ardhi ya Dodoma ni sakafu.

Mnoa Viungo
Hilo nalo. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, nje ya hapo ukitaka udongo ulainike lazima umwagilie. Hesabu ni nyepesi: uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Milimita 5 tu za maji juu yake ni lita 35,700, yaani boza la lita 10,000 safari tatu na nusu. Hakuna klabu ya mkoa itakayolipa hiyo kila siku, kwa hiyo mwagilia jioni kabla ya ile siku moja ya mbio kali, siku nyingine fanya kazi ya mpira kwenye eneo dogo. Viatu pia: meno marefu sita kwenye ardhi kavu hayazami, mchezaji anasimama juu yake kama kavaa mchuchumio, kifundo kinateguka. Viatu vya meno mafupi mengi ndivyo vya msimu huu.

Na basi. Mwanza ni takriban kilomita 700. Mtu amekunja nyonga kwa muda wa saa kumi, kesho yake asubuhi anaambiwa akimbie kwa kasi. Dar angalau kuna treni ya SGR tangu 2024. Njia nyingine, basi lisimame kila baada ya saa mbili, watu watembee dakika kumi, na siku ya kufika isiwe na mbio za kasi.

Kocha wa Vijana, Chamwino
Nakubaliana na Mnoa Viungo, ila jibu lake linasaidia kuanzia wiki ya kumi na mechi ni Jumamosi. Mimi nasema vijana waingie, kwa utaratibu huu.

Wasizidi wawili uwanjani kwa wakati mmoja, na wasiwe mstari mmoja. Beki wa pembeni na winga ndizo nafasi za kuanzia, kwa sababu mstari wa uwanja unamsaidia: adui anatoka upande mmoja, si pande zote. Kinda wa pembeni apangwe upande wa beki wa kati anayeongea. Beki mzuri lakini bubu hamsaidii mtoto.

Sheria inaruhusu wachezaji watano kubadilishwa, mchezo ukisimamishwa kwa ajili hiyo mara tatu tu, mapumziko hayahesabiwi. Tumieni hiyo. Mechi ya kwanza dakika 20 za mwisho, ya pili nusu saa, ya tatu aanze na atolewe dakika ya 60 hata kama anang'aa. Makocha wengi hukosea hapo: kijana akifunga, wiki inayofuata anapewa dakika 90, na katikati ya wiki bado anachezeshwa U20.

Mnoa Viungo
Hapo kwenye "bado anachezeshwa U20" ndipo majeraha yanapozaliwa. Pimeni mzigo. Nusu saa baada ya zoezi muulize kijana limekuwa gumu kiasi gani, 0 hadi 10, zidisha kwa dakika. Daftari na kalamu basi. Mfano: U20 anafanya mazoezi mara tatu, dakika 75, ugumu 5, hiyo ni 1,125. Ongeza mechi ya dakika 90 kwa ugumu 7, unapata 1,755 kwa wiki. Mpandishe kikosi cha kwanza: vikao vitano vya dakika 90, ugumu 6, ni 2,700, na dakika 20 za mechi kwa ugumu 8, jumla 2,860. Umemwongezea zaidi ya asilimia 60 kwa wiki moja, na hata mechi nzima hajacheza! Wiki ya kwanza afanye vikao vitatu kati ya vitano, na asiguse mechi ya U20.

Chakula pia kiangaliwe, maana wengi wa U20 hawalali kambini. Kijana wa kilo 60 siku za kuelekea mechi anahitaji wanga gramu 360 hadi 480. Nusu kilo ya unga wa sembe inatoa kama 375. Akila sahani moja ya ugali mchana na chai kavu asubuhi, hafiki hata nusu.

Mkongwe wa Majengo
Sawa wanangu, hesabu nimezisoma. Lakini bado mna shimo. Kama namba sita, yule kiungo mkabaji, ni mmoja wa hao majeruhi, huyo kinda wa pembeni anasaidia nini? Na mbona hamsemi habari ya kuwarudisha waliokaribia kupona? Wa nyonga na wa kifundo wiki ya tatu wanakuwa wanakimbia.

Mnoa Viungo
Kukimbia mbele ni kitu kimoja. Kukata kona, kupiga mpira mrefu na kugongana ni kingine. Wa nyonga abane mpira katikati ya magoti kwa nguvu zote bila maumivu, kisha amalize vikao viwili kamili na wenzake. Wa paja afikie kasi yake yote zaidi ya siku moja, na nguvu ya mguu ulioumia isipungue kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na mzima. Wa goti, kama ni ligamenti ya mbele iliyofanyiwa upasuaji, msahau: miezi tisa ndiyo ya chini. Na tuache sindano ya kuua maumivu ili mtu acheze Jumamosi. Inanyamazisha kengele, moto unabaki palepale.

Mhasibu wa Ipagala
Mnaongea kama dirisha dogo ni bure. Mchezaji wa mkopo anayepatikana katikati ya msimu mara nyingi ni yule aliyekuwa hachezi kwake. Anakuja bila mechi miguuni, wiki tatu au nne za kwanza unamlipa anajiweka sawa. Kinda yupo, analipwa tayari. Na FIFA ina fidia ya mafunzo kwa miaka ya 12 hadi 21, pamoja na mshikamano, yaani asilimia 5 ya bei ya mauzo kwa klabu zilizomlea akiuzwa nje. Ila ukimsajili vibaya, usipomwandikisha kila msimu, pasipoti yake ya soka, yaani kumbukumbu ya klabu alizosajiliwa, inaonyesha pengo na hela inakwenda kwingine. Tena akiwa chini ya miaka 18 mkataba usizidi miaka mitatu. Viongozi hapo hulala sana.

Kocha wa Vijana, Chamwino
Mzee, kwenye namba sita nakupa haki yako. Kinda asianze pale, wala beki wa kati, wala golini, kwenye mechi hizi nne. Mvute beki wa pembeni mwenye umri, mpeleke sita. Wengi wao wanajua kukaba na kutoa pasi fupi. Nafasi yake ya pembeni ndiyo anaingia kijana. Umeziba shimo la kati kwa mkongwe, na kijana umemweka mahali ambapo kosa lake linazaa kona, si bao.

Mkongwe wa Majengo
Hiyo naweza kuimeza. Lakini mechi ya kwanza iwe nyumbani, si Mwanza baada ya saa kumi za basi.

Kocha wa Vijana, Chamwino
Nyumbani, dakika ya 70, na timu ikiwa haijafungwa mbili.