Naangalia tamthilia za mapenzi kila siku ila Kiingereza hakitoki mdomoni, nakosea wapi?

Mpenda Sizoni:
Wakuu habari zenu. Mwenzenu nina kama mwaka na nusu naangalia tamthilia za mapenzi za Kiingereza, lengo nijue kuongea, maana kuandika naandika vizuri tu na grama nilifaulu. Hadithi naelewa yote, pale pa kulia nalia, ila mtu akinisemesha napata kigugumizi. Juzi ndo nimeaibika, kuna mgeni nafanya naye kazi nilitaka tu tupige stori kidogo nikamwambia "We need to talk", mtu wa watu akabadilika sura akafunga laptopu akaniuliza kafanya kosa gani. Sasa maneno nimeyasikia kwenye tamthilia mara mia, yana ubaya gani? Au nirudi tu kwenye vitabu?

Bi Rimoti:
😂😂 pole jamani. Hayo ni maneno ya mtu anayekuja kukuacha! Rudia pale ulipoyasikia, akishayasema tu mwenzake anakaa chini taratibu na muziki unabadilika. Wewe ulibeba maneno ukaacha sura. Ungesema "Do you have a minute?" yakaisha. Ila vitabu usirudi, tamthilia inakuonyesha neno linasemwa na nani, kwa nani, akiwa na hali gani. Mimi dada mmoja aliposema "I'm seeing someone" nikajua kaona mtu dirishani, nikakaa nasubiri mwizi aingie, kumbe anamwambia jamaa kwamba ana mpenzi tayari.

Mwalimu wa Jioni:
Swali kwanza, maandishi ya chini unaweka lugha gani? Kama ni Kiswahili basi unasoma Kiswahili, masikio yamelala. Weka ya Kiingereza, na usimeze episodi nzima, chukua kipande cha dakika moja tu. Mara ya kwanza sikiliza bila maandishi, ya pili weka, ya tatu simamisha kila sentensi uifuate na mdomo kwa spidi ileile ya mwigizaji, jirekodi kwenye simu halafu ujisikilize (utajichukia, vumilia). Utagundua chini wameandika "What are you going to do?" ila mdomoni inatoka kama "wocha gona du". "Did you" inakuwa "diju". "I should have told you" inakuwa "ai shudav toluju" hivi, imebanwa yote. Wewe ulifundishwa neno mojamoja ndo maana wakiongea unaona wanakimbia.
Halafu hizi za Kikorea na Kituruki zilizoingizwa sauti ya Kiingereza, kwa utamu sawa, ila maneno yamekatwakatwa yaendane na midomo, sentensi nyingine hakuna anayeongea hivyo. Na za magauni marefu kama Bridgerton, ile inaanzia mwaka 1813, ukienda kazini na "I shall" zao watakushangaa.

Kaka Mkimya:
Mi natofautiana kidogo. Hao wapenzi wenyewe waache, nani kwenye maisha anatamka mapenzi kwenye mvua dakika tatu bila kukatizwa? Kiingereza cha kuongea kipo kwa yule rafiki wa dada, yule wa jikoni anayedai umbea. "So, how did it go?" "What did he say?" "You're kidding!" (yaani unatania!) Vifupi, na vingi ni maswali, ukishajua kuuliza mwenzako ndo anafanya kazi ya kuongea. Kwa wapenzi chukua tu "ask out" (kumwomba mtu mtoke naye), "break up" (kuachana), "make up", "get over" (kumsahau aliyekuacha). Hiyo "make up" ni kupatana, sio poda.

Mpenda Sizoni:
Mwalimu nilikuwa naweka Kiswahili, umenikamata. Nimejirekodi jana, kipande kimoja nimekirudia mara kumi na nne hadi jirani kagonga ukuta. Na leo nimemkuta yule mgeni nikampiga na "So, how was your weekend?" kaongea dakika kumi mfululizo! Mimi nilisema "Really?" mara nne, na "You're kidding!" moja aliposema paka wake kafa. Hapo nimekosea tena?

Bi Rimoti:
Inategemea uliisema na sura gani 😂

Mpenda Sizoni:
Nilikuwa natabasamu.