Maduka mawili yanatazamana Sinza na yote yanauza siagi yangu ya karanga: nibaki na moja, niwape yote, au nibadilishe ujazo?

MamaKaranga (mleta mada)
Habari zenu wadau. Nasaga siagi ya karanga nyumbani Kijitonyama, kopo la gramu 400, bei ya jumla 4,500. Sinza nina wateja wawili, barabara tu ndiyo inawatenganisha. Dada wa upande huu alinipokea nikiwa sijulikani kabisa, anachukua dazani 2 kwa wiki na analipa taslimu. Kaka wa ng'ambo alikuja baadaye, anachukua dazani 4, akanibembeleza mpaka nikampa kwa 4,200. Dada anauza 6,500, kaka anauza 5,500.

Jumanne mwenye bajaji kashusha mzigo ng'ambo, risiti ikabaki juu ya boksi. Dada alivuka kutafuta chenji, akaisoma. Kanipigia saa hiyo hiyo: "Ni yeye au ni mimi, chagua." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimefikiria mtaa mmoja duka moja, au kila duka lipate ujazo wake, au niandike bei ya rejareja kwenye lebo. Mliopitia haya, ipi imewasaidia?

MzeeWaUnga
Pole mama. Mtaa mmoja duka moja nimeifanya Mbagala kwa unga wa lishe. Mwezi wa kwanza raha tupu, mteja ananisifia kwa kila mtu. Ikafika Januari, ada za shule, akaacha kuagiza wiki tano. Mimi huku nimeshawakatalia majirani zake wawili na mzigo unazeeka ndani. Ukimpa mtu mtaa, mpe kwa masharti: miezi mitatu tu, dazani kadhaa kwa mwezi, akishindwa mtaa unarudi kwako. Na muandikishane. Maneno ya mdomo yalinigharimu.

Halafu piga hesabu. Ng'ambo ni dazani 4, kwa dada ni 2. Ukimfukuza kaka umepoteza theluthi mbili ya mauzo ya pale. Dada ataziba?

FundiSabuni
Ujazo tofauti kwangu umefanya kazi, ila ni sabuni ya maji: duka la wateja wa majumbani nalipatia lita 1, wa karibu na migahawa nampa lita 5. Wanunuzi wao hawakutani. Kwako wanunuzi ni wale wale, wanavuka barabara. Na kopo jipya ni lebo mpya, hela inalala stoo. Mimi nisingeanzia hapo.

DukaTegeta
Naomba niseme kama mwenye duka. Kopo lako kuonekana kwa jirani hakuniumizi, soda na sukari sote tunauza. Kinachouma ni mteja kusimama mbele yangu na kusema "ng'ambo elfu tano mia tano", mimi najijua nimenunua ghali kuliko jirani, na aliyeniuzia ananiita dada yangu kila wiki. Huyo dada hajakasirikia duka la ng'ambo, mama. Kakasirikia ile 4,200. Hata ukimfukuza kaka, dada ataendelea kujiuliza ni nani mwingine unampa bei ya chini.

MzeeWaUnga
Hapo umenigusa. Lakini anayechukua nyingi lazima apunguziwe, la sivyo anaenda kwa msagaji mwingine.

DukaTegeta
Apunguziwe, ila kwa karatasi moja inayoonekana na wote. Dazani 1 mpaka 3 bei hii, dazani 4 kwenda juu bei ile. Siku nikipata hela ya dazani 4, nami naipata.

MdauPosta
Kuhusu bei kwenye lebo: ipendekeze, usiwalazimishe. Na usigeuke mjumbe wa kuwapatanisha bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei kwa makubaliano, na inakataza pia washindani kuungana kumsusia mtu. Kila mmoja zungumza naye ya kwake tu. Akikuuliza jirani kachukua ngapi, mwambie: "Dada, naye akiniuliza zako simwambii." Risiti nazo akabidhiwe mwenye duka mkononi.

MamaKaranga
Asanteni sana. DukaTegeta, maneno yako nimeyasoma mara tatu, yameniuma kwa sababu ni kweli.

Nimeandika karatasi moja: dazani 1 hadi 3 ni 4,500, dazani 4 na kuendelea ni 4,400. Chini ya hapo sishuki, karanga zimepanda na kopo tupu nalinunua mwenyewe. Leo asubuhi nimekwenda kwa dada. Sikumpigia simu, nimekwenda. Wiki tatu nilimuuzia kwa 300 zaidi ya jirani, makopo 24 kila wiki, jumla 21,600. Nimempelekea makopo 5 ya fidia na ile karatasi. Kaisoma kimya, kauliza, "Na ng'ambo wanayo hii hii?" Nikamwambia hii hii, wanapewa Jumatatu.

Makopo kayapokea, karatasi kaibandika nyuma ya kaunta. Oda ya wiki hii kachukua dazani 1 badala ya 2. Kaka wa ng'ambo bado hajui kwamba 4,200 imekwisha.