Majirani wa uani wamenigeuza fundi. Nitokaje hapa?

Mchele Supa

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za saa hizi.

Mke wangu alifariki mwaka 2019, watoto wako kwa bibi yao Nzega. Nafanya biashara ya mchele: kila baada ya wiki mbili hivi nashusha magunia Tabora mjini, nalala siku moja au mbili, narudi. Kuna dada hapa, upande wa Isevya, huwa napita kumwona. Sizunguki mbuyu: ni kazi yake na mimi namlipa. Ni mtu mzima, amepanga mwenyewe, hana anayemtuma. Mliokuja kunihubiria nimewatangulia, nimeshajihubiria kwenye basi kutoka Nzega mpaka stendi.

Shida yangu ni uani. Nyumba ni ya vyumba sita, korido katikati, nyuma choo kimoja, koki moja, mwembe mmoja. Chini ya mwembe anakaa mzee mstaafu wa reli na redio yake. Mlango wa mbele kuna mama, asubuhi anakaanga vitumbua, jioni anakaanga mihogo, kwa hiyo hakuna saa ambayo mlango ule hauna macho. Halafu watoto. Ukikanyaga kizingiti tu, "Anti, mgeni wako!" mpaka mtaa wa pili wanasikia.

Mara ya kwanza nilikwenda saa tatu usiku nikidhani giza litanisitiri. Kumbe LUKU ilikuwa imeisha, mita ni moja nyumba nzima, na wapangaji wote wako nje wanagombana nani hajachanga. Nikatokea katikati yao na tochi ya simu. Wakanyamaza wote. Mmoja akaniuliza kama nimetoka TANESCO.

Hapo ndipo nilipopata ile akili ninayoijutia mpaka leo. Nikanunua begi la turubai sokoni, nikatia bisibisi mbili, koleo na tepu nyeusi, nikaenda saa tisa mchana, mwendo wa fundi kabisa. Mama wa vitumbua akaniuliza fundi wa nini. Nikasema wa feni. Dada hana feni. Mama anajua hana feni. "Basi subiri," akasema, akaingia ndani, akatoka na pasi.

Nikaipokea, ningefanyaje. Mzee naye kutoka kwenye mwembe, "Mwadila, fundi! Hii redio inakwaruza." Mzee wa umri ule utamkatalia kwa mdomo gani? Siku hiyo niliondoka na pasi na redio begini, kwa dada sikufika hata mlangoni. Fundi wa kweli akanitoza 5,000 ya pasi na 8,000 ya redio. Niliporudisha, mama akanipa 3,000 akaniambia bei zangu nzuri. Mzee akanifungia maembe kwenye mfuko.

Safari iliyopita nimekuta feni mbili, birika la umeme, na kijana wa nyumba ya pili amekaa na sabufa mapajani ananisubiri.

Msiniambie gesti. Gesti kuna kile kitabu cha wageni: jina, kabila, utokako, uendako, na umeingia na nani. Tabora hii nina wateja wa mchele kila kona, nikiandika jina asubuhi limefika sokoni kabla ya magunia.

Nifanyeje niingie na kutoka kama mtu?

Bajaji ya Cheyo

Nimecheka mpaka abiria kaniuliza kuna nini.

Mkuu, watu wa namna yako nawabeba kila siku. Wote wana maneno yale yale: "Nishushe mbele kidogo." Nakushusha mbele kidogo, unaanza kutembea kurudi nyuma, na mtaa mzima unamwangalia mtu aliyeshuka bajaji mbele ili atembee kurudi nyuma. Shuka mlangoni, lipa, salimia, ingia. Anayeangaliwa ni anayechungulia.

Feni ngapi ulisema?

Mtumishi

Oa.

Mchele Supa

Mtumishi, nimesikia. Ukipata wa kunipa niambie, mchele upo.

Kaka wa Mahakamani

Mimi ni karani tu, si wakili, ila niseme kidogo. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na maskani yake. Jirani akikupiga picha akaitupa kwenye grupu na maneno ya kukudhalilisha, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, anaweza kujikuta pabaya.

Lakini usijifunike Katiba kama mwavuli. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haimchekei mwanamke anayejiuza wala anayeweka danguro. Zogo likifika kwa mwenyekiti wa mtaa au kituoni, wewe utasema umekuja kutengeneza feni. Yeye atasema nini? Usilete zogo kwenye mlango wake, hilo ndilo la msingi.

Wa Katubuka

Natoka Kigoma. Kazi hiyo nimeifanya miaka minne, siku hizi nauza dagaa na mawese. Kaka wa mchele, nimesoma habari yako yote, umeandika macho ya majirani yanavyokuchoma wewe. Dada wa watu umemtaja kwamba hana feni.

Nikueleze kilichonikuta. Nilikuwa nimepanga chumba Katubuka, nimelipa kodi ya miezi sita. Nikawa na mteja mmoja mwenye aibu kama yako. Anakuja na koti kwenye joto lile, kofia mpaka kwenye pua, anapita nyuma ya nyumba kwenye migomba. Siku moja kijana wa jirani akamwona kivuli dirishani akapiga yowe la mwizi. Unajua mwizi anavyofanywa. Ilibidi nitoke na khanga nisimame mbele ya watu wenye fimbo niseme huyu ni wangu, si mwizi. Yeye alipona, akapanda gari asubuhi akaenda zake Kasulu. Mimi nikabaki nachota maji koki ile ile na watu wale wale. Wiki haikuisha mwenye nyumba akanitaka nihame. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili, pesa hakurudisha, na mimi nitamdai nikasimame wapi?

Lakini na jambo la pili ulijue. Kabla ya hapo, mteja mwingine, mpole wa kuongea, anavaa vizuri, alinikaba shingo chumbani kwa ajili ya elfu kumi. Waliovunja mlango ni majirani hao hao. Bibi wa chumba cha pili alisikia kigoda kimeanguka. Bibi yule alikuwa mmbeya ambaye mtaa mzima hakuna mfano wake, na pumzi ninayovuta leo ni kwa umbeya wake.

Kwa hiyo mimi sitakufundisha njia ya kupita asikuone mtu. Mwanaume anayetaka kuingia kwangu bila kuonekana na mtu yeyote, siku hizi ningemwogopa. Umewahi kumuuliza yeye anataka uingieje?

Bajaji ya Cheyo

Dada, mimi hapa nimenyamaza.

Mchele Supa

Sijawahi kumuuliza. Nilidhani kumfichia ni kumheshimu. Nampigia.

Mchele Supa

Nimerudi. Nimeongea naye jana usiku, vocha ya elfu mbili imeisha, na nusu yake ni kicheko chake.

Jamani. Mama wa vitumbua alijua tangu siku ya LUKU. Si kwamba alihisi, aliambiwa. Wawili wale wana mapatano yao. Mgeni akiwa ndani, dada anaacha redio ikiimba. Redio ikizimika na mlango bado umefungwa, mama anakuja kugonga kuomba chumvi. Asipojibiwa anamwita mwanawe mkubwa, yule anayebeba mizigo stesheni. Dada anamlipia mchango wake wa LUKU kila mwezi. Hakuna mtu anayeingia nyumba ile ambaye mama hajamwona uso vizuri, mchana, kwa karibu.

Na ile pasi ilikuwa nzima! Aliitoa ili nisimame pale mlangoni nijieleze, anisome. Aliporudi ndani akamwambia dada, huyu hana neno, ni mwongo tu lakini hana neno. Sasa yule fundi wangu 5,000 alitengeneza nini, hilo nitakwenda kumuuliza mwenyewe.

Nikamuuliza dada anataka niingieje. Akasema mchana, mlango wa mbele, nimsalimie mama, ninunue mihogo ya 500, watoto niwape wao wakale huko nje. Usiku asinione, usiku huwa hafungui kwa mtu yeyote na siku ile alifungua kwa sababu watu wote walikuwa nje. Na lile begi nisije nalo tena kwake maana kijana wa sabufa anapita kila siku kuulizia, sasa hapo ndipo watu wanaanza kushangaa.

Nikauliza, na mzee wa reli? Naye yumo kwenye mapatano?

Akanyamaza kidogo. Akasema mzee hajui kitu. Mzee anaamini kabisa mimi ni fundi, anawaambia watu wa msikitini kwamba Isevya sasa kuna fundi mwaminifu anayerudisha vitu, na ile feni moja ni ya kwake. Ameiweka chini ya mwembe, ameifunika na gunia isiingie vumbi.

Ijumaa nashuka na magunia arobaini. Feni ya mzee nitaichukua. Kuna mtu anamjua fundi wa sabufa Tabora mjini ambaye si ghali?