Eti "FreeBSD ni toleo gani la Windows"??? Wakuu nimeshindwa kuvumilia

feni_sita:
Wakuu naandika mikono inatetemeka, simu nimekata sasa hivi. Mnawajua wale jamaa, siwataji, wale wa seva nyeusi zinazofungwa na funguo usoni kama kabati la mahari. Nimesubiri kwenye laini na ule muziki wao mpaka nimeota mvi, mtu anapokea, namweleza taratiiibu, nina ngoma ya 2U, seva bapa ya raki, nimeweka FreeBSD, mfumo endeshi unaojitegemea, nataka ZFS, mfumo wake wa kutunza mafaili, izione diski zenyewe, kadi yenu ya RAID, ile ya kuunganisha diski, inazificha. Kimya. Halafu: "Samahani kaka, FreeBSD ni toleo gani la Windows?"

TOLEO GANI LA WINDOWS. Kitu kipo tangu 1993!

Ile kadi haijui kupitisha diski ilivyo, kila moja lazima uiundie RAID 0 yake, diski nane RAID nane, zote zimefunikwa gubigubi, smartctl ukiiuliza hali ya diski inakukodolea macho. Dereva ya mfi ikazileta kama mfid0, mfid1, nikaandika hw.mfi.mrsas_enable=1 kwenye /boot/device.hints zikageuka da0, da1 kama diski za kawaida, nikashangilia kama mjinga kumbe shuka ni lilelile limegeuzwa upande.

Nikaing'oa nikachomeka HBA, kadi ya kuunganisha diski tu bila RAID, isiyo na makeke. Weee! Feni zote zikapanda mpaka mwisho, maana BMC, kile kikompyuta cha ndani kinachosimamia seva, haiijui hiyo kadi basi imeamua nyumba inaungua. Siku ya tatu leo, paka amehama. Na ndivyo nilivyowapigia, nabweka juu ya kelele za feni, mtu ananiuliza toleo la Windows! Tena akanishauri niweke Windows kwanza ndo nisasishe fimwea, programu ya ndani ya vifaa, faili lenyewe ni .exe, la Windows. Toleo. Gani. La Windows.

kipanga_mzee:
Hahahaaa ungemwambia ni ile Windows ya bure

soma_kwanza:
Kila toleo la FreeBSD linatoka na orodha ya vifaa linavyovikubali. Uliisoma kabla ya kununua au ulipenda taa tu?

feni_sita:
Taa ni nzuri lakini. Na haihusiani. Mtu kaniuliza TOLEO GANI LA WINDOWS

samaki_miba:
Bila dmesg, ripoti ya mfumo unapowaka, huu ni udaku. Mimi niko OpenBSD, ndugu wa FreeBSD, kadi za ukoo huo zinashikwa na dereva ya mfii na maisha yanaenda. ZFS hatuna, na usingizi tunapata

kipanga_mzee:
Samaki usingizi unaupata kwa kuwa hata diski za kuhangaikia huna

penguin_mtulivu:
Weka Linux ulale

feni_sita:
Nilijua tu utakuja

bisibisi:
Mkuu kuna seva unaweza kuituliza BMC kwa ipmitool raw, programu ya kuongea nayo, amri inategemea aina ya seva, taja modeli nikuangalizie

waya_mwekundu:
Feni si kitu nyie. Mimi kadi ya mtandao ya Intel iliikataa moduli yangu ya SFP+, ile plagi ya kebo ya mtandao, haitambuliki, haifai, siku mbili nabadilisha kebo. Nikaweka hw.ix.unsupported_sfp=1 nikabuti, ikakubali palepale. Yaani haikuwa na ubovu wowote, ilikuwa inajisikia tu!!

mama_konsoli:
Afadhali wewe. Konsoli ya mbali ya seva yangu inataka Java ya enzi hizo, nina laptop moja kuukuu kazi yake ni kuifungua hiyo konsoli, marufuku kuisasisha, marufuku kuigusa, watoto wanaipita kwa adabu

waya_mwekundu:
Hahaha hiyo laptop iandikie wosia

soma_kwanza:
Mmeshawahi kufunga reli za kushikia seva? Raki yangu, fremu ya kuwekea seva, ina matundu ya duara, reli zao zinataka matundu ya mraba. Nimesimama na seva mikononi kama mbeba jeneza

mama_konsoli:
Reli!! Usinikumbushe, zangu zilikuja ya kushoto mbili

samaki_miba:
Kwenye reli nakubaliana na kila mtu humu, hata Penguin

feni_sita:
Hata mimi reli ziligoma, nilisahau kuandika. Nani alishawahi kutoboa raki mwenyewe?

kipanga_mzee:
Ngoja, kama reli ziligoma, hiyo seva siku tatu inanguruma ikiwa wapi?

feni_sita:
Kitandani. Mimi niko sebuleni. Tuendelee na reli