Je, posta ya Ufini ilikosea kumweka Tom of Finland kwenye stempu?

Septemba 2014 shirika la posta la Ufini lilitoa stempu zenye michoro ya Touko Laaksonen, anayejulikana kama Tom of Finland, na hadi leo wapo wanaouliza inakuwaje mchoraji wa picha za ashiki za wanaume kwa wanaume apewe heshima ya taifa. Kwa maoni yangu posta haikukosea, ila ilichelewa, kwani mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1991.

Laaksonen aliajiriwa katika kampuni ya matangazo ya biashara mjini Helsinki, na michoro yake ya faragha akaituma Los Angeles kwa Physique Pictorial, gazeti la Kimarekani la picha za wanaume wenye misuli, ambalo mwaka 1957 liliwaweka wakata magogo wake kwenye jalada. Yeye alitia saini "Tom" tu. "Of Finland" iliongezwa na mhariri. Ufini mapenzi ya wanaume kwa wanaume yalikuwa jinai hadi 1971, na sijui mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia angemshtaki vipi mwizi wa kazi yake, ilhali walioinakili na kuiuza bila kumlipa walikuwa wengi. Mwaka 1973 aliacha mshahara ili aishi kwa kalamu yake. Mwaka huo huo akafanya maonyesho yake ya kwanza mjini Hamburg, na michoro yote ikaibwa isipokuwa mmoja. Ni mwaka 1984 tu ambapo yeye na rafiki yake Durk Dehner walianzisha taasisi ya kuitunza kazi hiyo. (Msanii yeyote aliyekuta kazi yake ikiuzwa barabarani bila yeye kupata hata senti ataelewa uchungu huo.)

Pingamizi lililo zito kwangu ni sare za kijeshi za Kijerumani alizozichora katika baadhi ya picha. Alikana kwamba alikuwa na mapenzi na Unazi, nami namsadiki, lakini simlaumu mtu ambaye picha hizo zinamkera.

Jibu la mchangiaji:

Ndugu mwandishi, umetetea maisha yake vizuri, lakini swali lilihusu stempu. Kitabu cha katuni hufunguliwa na aliyekitaka. Stempu humfikia hata bibi ambaye hakuiomba, ikiwa imebandikwa kwenye barua ya mjukuu wake. Mateso ya msanii hayageuzi kila mahali kuwa pa kuonyeshea kazi yake.

Jibu la mwandishi:

Hapo umenishika, ndugu yangu. Naweza kusema kwamba anayechagua stempu ni mtuma barua na si posta, lakini bibi huyo bado hajachagua lolote. Hata hivyo, kama kipimo ni mpokeaji asikereke, basi na majenerali wengi tungewaondoa kwenye stempu, na hilo sijasikia mtu akilidai.