Mliodumu kwenye kazi ya kutafutia kampuni wafanyakazi, kinachowashikilia ni nini?

Mgeni wa Kazi:
Wakuu, salaam. Niko kwa wakala wa ajira. Mteja alitaka mhasibu mwandamizi, nikasoma wasifu hadi macho yakauma, nikampelekea watu watatu. Mmoja akapasua usaili wote, akasaini. Siku ya kuripoti hakutokea. Kumbe bosi wake wa zamani kamwongezea mshahara. Sisi tunalipwa mtu akishaanza kazi, kwa hiyo kamisheni yote imepotea. Nyie wakongwe mnabakije?

Mama Usaili:
Pole sana mdogo wangu. Hilo la kuongezewa dau dawa yake hutolewa mapema. Kwenye mazungumzo ya kwanza kabisa mimi humuuliza mwombaji: bosi akikupandishia mshahara, utabaki? Akinipa sababu nyingine, kwamba amekwama cheo kilekile au hasikilizwi, naendelea naye. Akitaja pesa tu, najua hapo sina mtu. Akishasaini, mpigie kila wiki mpaka notisi iishe, maana huo ndio muda anaoshawishiwa.

Kuhusu kubaki: kazi hii hulipa kwa kuchelewa. Kuna mama alikuwa amekaa nyumbani akilea watoto, na meneja aliukataa wasifu wake kwa sababu ya pengo hilo. Nilimng'ang'ania meneja azungumze naye dakika ishirini tu. Akamwajiri. Leo yule mama ni mkuu wa idara, na akihitaji mtu ananipigia mimi kwanza. Wengi huacha kabla watu waliowapatia kazi hawajafikia vyeo vya kuajiri wengine. Wanaondoka wakidhani hawakuvuna kitu, nami huwa inaniuma kweli.

Mtu wa Takwimu:
Dada kasema vizuri, ila tusifiche: mwezi ukiisha hesabu ya watu uliowapatia kazi inarudi sifuri, hata kama ulivunja rekodi. Mimi nilichoka, nikahamia kuajiri ndani ya kampuni. Mshahara ni wa uhakika, lakini mkuu wa idara anataka mtu jana, na hana nafasi ya kumsaili hadi wiki ijayo.

Halafu usije ukashawishika kumtoza mwombaji fedha ili asikukimbie. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kimsingi unakataza wakala kumtoza mfanyakazi ada. Anayelipa ni mwajiri.

Mgeni wa Kazi:
Ahsanteni. Mteja amekasirika na anataka majina mapya. Nianze upya?

Mama Usaili:
Yule aliyeshika nafasi ya pili yuko wapi? Mpigie sasa hivi, kabla hujamjibu mteja. Mweleze ukweli kwamba wa kwanza hakuja, usimzunguke. Muulize kama bado anaitaka, na kama ana usaili mwingine mahali. Akikubali, mpe mteja jina lake leo leo.