Tupeane uzoefu: perege na kambale wanaokufa kwa bakteria, Mtwara na Lindi

Wakuu, joto la Desemba likiingia huku kusini, mabwawa yanapata msiba. Tuelezane tuliyoyaona wenyewe. Habari za "nimesikia" tuziache kwanza.

Naanza mimi, Masasi. Perege wakubwa walianza kuzunguka juu ya maji, macho yametoka nje, mengine yameingia ukungu mweupe. Afisa uvuvi akasema hizo ni dalili za streptokoka, bakteria anayefika hadi kwenye ubongo na kushamiri maji yakipata joto. Nikapunguza chakula, nikawa naokota mizoga asubuhi na jioni na kuifukia mbali na bwawa. Waliokwisha kuanza kuzunguka hakupona hata mmoja. Vifo vilipungua mvua ilipopoza maji.

Mama Kambale, Nachingwea: Pole mkuu. Wangu ilikuwa vidonda vyekundu ubavuni na matumbo kujaa maji, baada ya vijana kuvuta wavu kwa fujo. Niliambiwa ni bakteria aitwaye eromonasi. Huyo yumo majini siku zote, anasubiri samaki achubuke au achoke. Siku hizi tunavuta alfajiri, wavu laini, na hatuwarundiki kwenye ndoo.

Fundi Bwawa: Alfajiri ndipo oksijeni iko chini kabisa, mama. Subiri jua litoke kidogo.

Mama Kambale: Kambale anapumua hata hewa ya juu, ndiyo maana sioni shida. Kwa perege nakubaliana na wewe.

Kijana wa Lukuledi: Vipi OTC ya kuku, ile dawa ya kuua bakteria (oksitetrasaiklini)? Jirani yangu kamwaga bwawani na bado wanakufa.

Fundi Bwawa: Dawa hiyo huchanganywa kwenye chakula, na samaki aliyezidiwa huwa hataki kula. Atakayeimeza ni yule ambaye bado ana nguvu. Na kabla ya kuuza kuna siku za kusubiri, tusilishane dawa. Mwambie apeleke kwanza samaki kwa daktari wa mifugo, na awe mgonjwa anayepumua bado. Aliyeelea tangu usiku ameshajaa bakteria wa kuoza, kipimo hakitasema kitu.

Wa Mikindani: Sisi tunaofuga samaki aina ya mwatiko kwenye maji ya chumvi bado hayajatukuta, ila nasoma.

Kijana wa Lukuledi: Akishavua wote, bwawa alikaushe kwa muda gani?

Fundi Bwawa: Mpaka tope lipasuke nyufa. Atoe lile jeusi linalonuka, atandaze chokaa, na nyavu azianike juani kabla hajamwazima mtu.